Nywele Zitaota Nini?

Mzee Taratibu, Mungu amrehemu, hakuwahi kumgusa mgonjwa kwa mkono wa baridi. Kabla ya kufungua bendeji yoyote alinawa, akajikausha, kisha akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, huku midomo ikichezacheza. Wagonjwa wapya walidhani anahesabu kitu. Wale wa siku nyingi walijua kwamba anasali, na kwamba sala yake ina urefu wa kunawa mikono tu, haizidi, kwa sababu nje kulikuwa na foleni.

Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda. Aliifanya miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja cha hospitali, mwisho wa ukumbi, mkabala na stoo ya mashuka. Chumba kilikuwa na dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu ya chini, sinki la kunawia, kitanda cha plastiki nyeusi kilichochanika ubavuni naye akakiziba kwa plasta kama mgonjwa mwingine yeyote, na toroli yenye gurudumu moja linalolia. Fundi wa hospitali alikuja mara mbili na kopo la mafuta ili alitibu lile gurudumu. Mara zote mbili Mzee alimzuia.

"Liache. Linanipigia hodi," alisema. "Mtu mwenye kidonda hapendi kushtukizwa."

Jina la Taratibu alipewa na wagonjwa, kwa sababu ndilo neno lililokuwa mdomoni mwake kutwa. Taratibu, mama. Taratibu, kijana wangu. Ngozi haikimbizwi. Shashi ikiwa imegandia kwenye kidonda, wengine huivuta mara moja, na mgonjwa akalia yakaisha. Yeye aliiloweka kwa maji ya chumvi na kusubiri, akipiga hadithi, mpaka ikajiachia yenyewe. Ndiyo maana foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya mtu yeyote, na ndiyo maana hakuna aliyetoka kwenye foleni hiyo kwenda kwa mwingine.

Alikuwa na mwiko mmoja: hakumwambia mgonjwa jambo asilolijua. Kama itauma, alisema itauma. Kama hajui, alisema sijui. "Kidonda chenyewe hakidanganyiki," aliwaambia wauguzi wanafunzi. "Sasa nimdanganye mwenye kidonda ili iweje?" Mwiko huo aliuvunja mara moja tu, kwa neno moja.

Ilikuwa kipindi cha baridi. Msusi mmoja alikuwa akimmalizia mteja wake sebuleni kwake. Amekwisha kusuka, amebakiza kuchovya ncha za nywele za bandia kwenye maji ya moto ili zisifumuke, na sufuria ya maji hayo iko juu ya jiko la mkaa. Mwanawe wa kike wa miaka mitano alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, akiota moto. Msusi akainua sufuria. Mteja naye akainuka kujitazama kwenye kioo. Kiwiko kikagonga sufuria, na maji yakamwagikia mtoto kichwani upande wa kulia, yakashuka nyuma ya sikio mpaka begani. Jirani aliyeingia kwa kusikia ukelele alishauri dawa ya meno, kwa kuwa inapoza. Mtoto akafika hospitali nusu ya kichwa ikiwa nyeupe kama ukuta uliopigwa chokaa, na mama yake kamshika mkono.

Siku hiyo Mzee Taratibu alichukua karibu saa nzima kuitoa ile dawa ya meno, tone moja la maji ya chumvi baada ya jingine. Muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Sista, alichungulia mlangoni.

"Mzee, unafunga kidonda au unatarizi kitambaa?"

"Natarizi, Sista. Pita, usinipotezee uzi."

Mtoto alilia, tena kwa nguvu, na kila alipolia Mzee alisema moyoni mwake, "Asante Mungu." Si kwamba alikuwa na roho ngumu. Kazi ilimfundisha kwamba moto ukipita juujuu, ngozi hulia. Moto ukizama chini, unaua hata kile kinachosikia maumivu, na mtu hukaa kimya kama anayekatwa kucha. Mgonjwa wa moto anayepiga kelele alimpa matumaini. Aliyenyamaza ndiye aliyemtia hofu. Mtoto huyu alilia kote, isipokuwa mahali padogo nyuma ya sikio, upana wa kidole gumba. Pale, Mzee alipopagusa kwa ncha ya shashi, mtoto alikuwa anauliza kwa nini dirisha limepakwa rangi.

Maana alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini gurudumu linalia, nani kalipiga? Kwa nini Babu ana nywele masikioni na hana kichwani? Siku ya pili tu Mzee alishampa jina: Bibi Maswali.

Siku ya tatu Bibi Maswali alijiona kwenye bakuli la chuma linalong'aa. Nywele zilizobaki kuzunguka kidonda zilikuwa zimenyolewa ili zisiingie ndani. Alijitazama sana.

"Babu, nywele zangu ziko wapi?"

Mzee alimtazama mama. Mama alikuwa ametazama vidole vyake mwenyewe, vidole vya msusi, vyembamba, vyenye sugu kwenye kiungo cha kwanza pale uzi wa nywele unapopita. Jana yake Mzee alikuwa amewasikia wanawake wawili wodini wakinong'onezana kwamba kinyozi hajinyoi, na huyu msusi sasa mwanawe ni kipara. Hawakunong'ona vya kutosha. Hapo ndipo Mzee alipopaswa kusema sijui. Badala yake alisema:

"Zitaota."

"Zitaota nini?" akauliza mtoto.

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimemponyoka kama chafya, akajiziba mdomo kwa kitambaa, lakini kilikuwa cha kwanza tangu siku ya maji. Mzee naye akacheka. Na kwa kuwa mama amecheka, hakuwa na moyo wa kulinyoosha lile neno.

"Mimi nitajuaje?" alisema. "Ndoto ni zao. Zikishaota zitakwambia wewe."

Tangu siku hiyo, mtoto alikuwa na habari kila asubuhi gurudumu lilipolia mlangoni. Nywele zimeota zimefungwa utepe mwekundu. Nywele zimeota zinapanda ngazi. Nywele zimeota mbwa.

"Mbwa gani?" Mzee aliuliza, akiloweka shashi.

"Mbwa wa nywele."

"Ana mkia?"

"Umesukwa."

Na wakati anaeleza mkia ulivyosukwa, shashi ilijiachia, kilio kikawa kidogo. Mzee aliona neno lake linafanya kazi nzuri, akaliacha.

Asubuhi ya siku ya tisa mama alikuwa bombani nyuma ya wodi akifua nguo. Mtoto akamwambia mwanamke wa kitanda cha pili, "Nywele zangu zimeota." Yule mwanamke alikuwa ameingia wodini jana usiku, hajui mambo ya ndoto wala mbwa. Alipomkuta mama bombani alimpa habari njema kama mtu anavyotoa zawadi: "Hongera, dada. Mwanao anasema nywele zimeota."

Mama aliacha nguo kwenye beseni. Alikimbia na povu mikononi. Hakungoja gurudumu, hakungoja mtu. Alifungua bendeji mzunguko kwa mzunguko, akafika kwenye shashi, shashi ikagoma, naye akaivuta.

Mzee Taratibu alipofika na toroli yake alimkuta msusi amekaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda. Mtoto alikuwa analia kwa kwikwi, na kidonda kilikuwa kinatoka damu pale kilipokuwa kimeanza kutulia.

"Nimeambiwa zimeota," mama alisema.

"Nani kasema?"

"Mimi," mtoto akasema katikati ya kwikwi. "Zimeota tunahama nyumba."

Mama akamwinulia Mzee macho. Hakupandisha sauti.

"Wewe ndiye uliyesema zitaota, Mzee wangu. Nami nikacheka, lakini nilishika. Sasa niambie, ulisema kuota kupi? Kwa ndoto, au kwa shambani?"

Mzee alisimama na shashi mkononi.

"Nilipaswa kusema sijui, mama," alisema. "Sijui. Nisamehe."

Kesho yake jioni mtoto alichemka mwili. Kidonda kilibadilika rangi, kikatoa harufu hafifu ambayo pua ya Mzee iliitambua akiwa bado mlangoni. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na usingizi machoni. Alikipima kidonda, akapima homa, akaandika.

"Jumatatu nitamwingiza chumba cha upasuaji," alimwambia mama. "Tutachukua ngozi nyembamba ya paja, tuipandikize hapa. Itashika, kidonda kitafunga."

"Na nywele, daktari?"

"Nywele, hapana. Ngozi ya paja haina mizizi ya nywele za kichwa. Tunapoteza nywele, tunaokoa kichwa."

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesaini karatasi. Mzee alitoka na toroli, na ukumbi mzima gurudumu lilimlilia.

Nyumbani, mkewe alimtazama akiizungusha sahani ya chakula bila kula.

"Leo umeoa kidonda cha nani?" alimuuliza.

"Nimemdanganya mtoto, Mama Watoto."

Mkewe akakaa. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia hilo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha hakusema pole. Alimwita binti yao mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, akamwambia, "Lete kile kitabu chako chenye picha ya ngozi. Baba yako anataka kusomewa."

Mzee aliishia darasa la saba. Ngozi aliijua kwa vidole tu, hakuwahi kuisoma. Binti alifungua kitabu mezani, chini ya mwanga wa taa, akaanza kwa sauti ya darasani. Mwili umejengwa kwa seli. Seli za namna moja zikikaa pamoja kufanya kazi moja zinaitwa tishu. Kuna tishu za kufunika, kuna za kushikanisha, kuna za misuli, kuna za neva zinazopeleka habari.

"Kama nyumba hii," alisema Mzee. "Wa kufunika ni mama yako. Wa kupeleka habari ni nyinyi watoto."

"Na wewe?" mkewe akauliza.

"Mimi misuli."

"Misuli gani? Wewe unashikanisha tu, kutwa na plasta zako. Endelea kusoma, mwanangu."

Ngozi, binti alisoma, ina tabaka la juu na tabaka la chini, na chini yake kuna mafuta. Tabaka la juu kabisa ni seli zilizokufa, zinazopukutika kila siku na kufidiwa kutoka chini. Hata unywele wenyewe ni seli zilizokufa. Kilicho hai ni mzizi.

"Rudia."

"Unywele umekufa, Baba. Ndiyo maana ukikatwa hauumi. Kilicho hai kiko chini."

"Usije ukamwambia msusi hayo," Mzee alisema, lakini hakucheka. Aliuvuta mchoro karibu. "Hiki kishimo unachosimama ndani yake unywele, kuta zake ni nini?"

Binti alisogeza kidole kwenye mchoro. Tabaka la juu la ngozi halikuishia juu. Kila palipokuwa na unywele lilijikunja na kuzama, likateremka kuuzunguka unywele mpaka chini kabisa kwenye mzizi, mithili ya kitambaa kilichosukumwa kwa kidole.

Mzee alikaa akiutazama mchoro huo mpaka chai ikapoa. Maisha yake yote alikuwa ameona vidonda vya moto vinavyofunga kwa namna mbili. Vingine hufunga kutoka pembeni, ngozi ikitambaa kuelekea katikati kidogo kidogo. Vingine, katikati ya uwekundu huchomoza visiwa vidogo vya ngozi, pasipo na kitu, ndipo vikapanuka na kushikana. Alikuwa akivishukuru bila kujua vinatoka wapi. Kumbe vilitoka visimani. Moto ulikuwa umeunguza sakafu, lakini mbegu ya ngozi ilikuwa imejificha kwenye kuta za mashimo ya nywele, na hakuna mahali mwilini palipo na mashimo mengi na marefu kama kichwani.

"Mungu ameweka akiba," alisema polepole.

"Kitabu hakisemi hivyo, Baba."

"Kitabu kimesema vizuri sana. Hicho kioo chenu cha kukuzia vitu, kile cha shuleni, utaniazimia?"

Tangu Ijumaa mpaka Jumapili alisafisha kidonda kile mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, hata siku yake ya mapumziko alipotoka kwenye ibada na nguo zake nzuri. Mama alimpokea kwa adabu tu. Mtoto hakusimulia ndoto. Alikuwa amekatazwa, au amejikataza. Homa ilishuka Jumamosi, na Jumapili haikurudi.

Jumatatu, kabla ya machela kuja, Mzee alinawa, akasugua viganja, akasali. Safari hiyo sala ilizidi urefu wa kunawa. Kisha akafungua. Kidonda kilikuwa chekundu, kisafi, na kitupu. Akatoa kile kioo mfukoni, akainama mpaka pumzi yake ikampasha mtoto sikio.

"Unatafuta nini, Babu?" mtoto akanong'ona.

"Sijui bado."

Akaona. Katikati ya wekundu, mbali na ukingo, kulikuwa na vidoa vya rangi ya maziwa, vidogo kama ncha ya kalamu. Kimoja. Vitatu. Kundi zima juu ya paji.

Daktari alipoingia, Mzee alisimama kati yake na kitanda. Haikuwa kawaida yake kumzuia mtu njia.

"Daktari, naomba siku tatu."

"Za nini, Mzee?"

"Kuna visiwa."

Daktari alichukua kile kioo, chenye nambari ya maabara ya shule imeandikwa kwa rangi kwenye mpini. Alikitazama kioo, akamtazama Mzee, akainama. Alikaa ameinama kitambo.

"Inaweza kuwa. Inaweza pia kuwa mabaki tu. Tukisubiri, homa ikarudi, tutajuta."

"Ni kweli. Lakini subira huvuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, Mzee wangu."

"Yangu yameshaumia," alisema Mzee. "Ukisema leo, nitambeba huyu mtoto mwenyewe mpaka huko. Lakini visiwa hivi vinatoka kwenye mashina ya nywele. Kama shina limeweza kutoa ngozi, liko hai. Ukipandikiza juu yake leo, utakuwa umefukia mbegu iliyochipua."

Daktari alimrudishia kioo. Aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. "Alhamisi," alisema. "Saa mbili asubuhi. Siyo saa mbili na nusu."

Mzee hakumwahidi mama kitu. Alimwonyesha vile vidoa kupitia kioo, akamweleza anachokijua na asichokijua, na mama aliuliza swali moja: "Na safari hii ukisema sijui, ni hujui kweli?" Akajibu, "Kweli." Mama akasema, "Basi nitangoja na wewe."

Jumanne vidoa vilikuwa vikubwa kama punje za mtama. Jumatano vingine viligusana. Alhamisi, saa mbili kasoro, uwekundu ulikuwa umebaki vichochoro tu kati ya visiwa, na ngozi mpya, nyembamba, ya rangi nyepesi, ilikuwa imetanda toka paji mpaka utosini. Daktari alipitisha kioo juu yake. Kisha akaweka kalamu mfukoni.

"Paja litabaki na ngozi yake," alisema. "Na hapa?" Alikuwa anaonyesha nyuma ya sikio, ile sehemu ya upana wa kidole gumba. Pale palikuwa pamesinyaa, pamekauka rangi, hapana kidoa hata kimoja.

"Hapo patafunga kutoka pembeni," Mzee alisema. "Ni padogo, hapahitaji kupandikizwa. Ila nywele hapo hazipo tena."

Daktari alikubali, akaenda zake. Mzee akabaki. Alivuta kigoda akakaa, ili uso wake ulingane na wa mtoto.

"Bibi Maswali. Nilikwambia nywele zako zitaota. Nilisema kabla sijajua. Sasa najua. Hizi za huku juu zitaota kwa kule kuota kwa majani, zitachomoza, utaziona. Lakini hapa nyuma ya sikio hazitaota. Hapa hakuna tena mzizi. Nakwambia wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye niliyekudanganya."

Mtoto alipeleka mkono nyuma ya sikio, Mzee akauzuia kwa kidole. Alifikiri.

"Basi hizo zimelala bila kuota," alisema.

Mzee Taratibu aliinuka akaenda kulipekuapekua toroli, akitafuta plasta iliyokuwa mkononi mwake. Mama akamwona, akamfuata.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "hapo nyuma ya sikio usipaonee huzuni. Mimi kazi yangu ni nini? Nitazilaza za juu, nitaziteremsha kwa mistari minne, hata upepo hautapaona." Halafu akaongeza, na safari hiyo hakujiziba mdomo: "Nani aliyekwambia msusi anahitaji kichwa kizima?"

Baada ya miezi mitatu walirudi kumwonyesha. Zilikuwa fupi, laini, zimesimama zote kama zinashangaa. Mtoto alimruhusu apitishe kiganja, mradi kwanza akisugue.

Mzee alistaafu, na toroli ikapewa mtu mwingine, aliyetia gurudumu mafuta wiki ya kwanza. Miaka ikaenda. Alipopata kiharusi akalala kitandani upande mmoja, ngozi yake ikawa nyembamba kama karatasi ya kufungia vitumbuo, ikafunguka kidonda nyongani. Binti yake mkubwa, yule wa kitabu, ndiye aliyemfunga. Aliloweka shashi kama alivyofundishwa, na kila siku alimwambia, "Unapona, Baba." Alikuwa akimwomba Mungu amsamehe hilo neno kila alipotoka chumbani.

Siku moja alimgusa kwa ncha ya shashi.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana." Mzee aligeuza macho akamtazama. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalitoka. "Wewe umesoma. Kitabu kinasemaje?"

Binti alishika shashi. Maji yakamdondokea magotini.

"Hapa hapataota, Baba."

"Ahsante," alisema Mzee. Uso wake ukalegea kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. "Sasa nifunge. Taratibu."

Wiki ile ile alikuja Bibi Maswali. Alikuwa mtu mzima, naye msusi kama mama yake, na kila mwezi alifika kumpunguzia Mzee zile nywele chache zilizozunguka upara. Hakutaka kinyozi mwingine aziguse. Alinawa, akasugua viganja, akafanya kazi yake. Alipomaliza, aliinama ili Mzee ampapase, kama desturi yao. Kidole gumba cha Mzee kilipita chini ya mistari minne ya nywele, kikapata mahali pake nyuma ya sikio, kikatulia. Kiliingia sawasawa.

"Bado zimelala?" aliuliza.

"Bado, Babu. Fofofo."

"Hazitaamshwa?"

"Nani aziamshe? Ziache zipumzike."

Mzee alifumba macho, kidole kikiwa pale pale, akasinzia. Yule msusi alibaki ameinama mpaka mgongo ukamuuma, asije akamwamsha.

Mzee alifariki Jumatano asubuhi, baada ya sala, jua likiwa limeshafika mguuni pa kitanda. Binti yake aliingia na bakuli la maji ya chumvi, akaona kifua hakiinuki. Aliweka bakuli chini. Alitaka kumshika mkono mara moja, akajizuia. Akaenda akanawa, akajikausha, akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, midomo ikichezacheza. Ndipo akarudi, akamshika.